Treni Yako Inaenda Kuchukua Nini?

Ramani ya kwanza ya reli yangu ndogo ya mezani nilichora nyuma ya kalenda ya ukutani, ile karatasi inayong'aa kalamu inateleza, na nilipomaliza nikasimama mbali kidogo nikaiangalia nikajiona mhandisi kabisa. Ilikuwa na duara kubwa kama yai, njia mbili zinafuatana, daraja, handaki, stesheni tatu, na juu ya yote nimeandika kwa herufi kubwa GARRATT HAPA, yaani ile injini ya mvuke kubwa kupita zote. Sasa kuna mzee jirani yangu, mstaafu wa reli, alikuwa gadi miaka mingi, akaja kuchajisha simu. Akavaa miwani, akaikagua kalenda pole pole kutoka kona hadi kona, alafu akauliza, "Sasa mwanangu, hii treni yako inaenda kuchukua nini?"

Nikamwambia inazunguka tu mzee.

"Aah. Basi hiyo siyo reli, hiyo ni saa ya ukutani." Akachukua simu yake akaenda.

Niseme ukweli iliniuma, kwasababu mi nimezaliwa kota za reli Tororo, baba alikuwa pointsmani, yule anayegeuza njia za treni, na Kiswahili changu chenyewe ni cha kota, maana pale kulikuwa na Mteso, Mjaluo, Muganda, Mnyole, Mkamba, wote kwenye mstari mmoja wa nyumba na bomba moja la maji, mngeongea lugha gani tena. Tororo ndiyo pale njia inagawanyika, moja inakwenda Jinja na Kampala, nyingine inapanda Mbale, Soroti, Lira, Gulu mpaka Pakwach. Mimi nilikuwa najua mlio wa mabehewa yakigongana usiku kabla sijajua kusoma. Na bado ukubwani nimekaa na kalamu nikachora treni isiyoenda popote. Baba angekuwepo angenicheka mpaka akohoe.

Kwa wasiojua mambo haya: reli ya mezani ni treni ndogo za umeme zinazotembea kwenye reli ndogo juu ya meza au ubao, na kuna watu wazima duniani huko wanajenga stesheni nzima nyumbani. Mimi ni fundi wa simu na redio, niko upande wa Kireka karibu na Kampala, kwahiyo kulehemu waya mdogo siyo shida, na uchafu wa kielektroniki ninao gunia zima. Nilichokosa ni nafasi na pesa, na kumbe nilichokosa zaidi ni lile jibu la mzee.

Nikakaa wiki kama mbili nikiwaza. Kwanza nilitaka kujenga reli ya kweli, Tororo yenyewe, lakini ukijenga Tororo kila mtu wa Tororo ni hakimu, atakuambia tangi la maji lilikuwa upande ule, mwembe uko wapi, na wewe una ubao wa mita tatu na kitu utaanza kutoa maelezo mpaka lini. Wamarekani wana ujanja wao hapa. Kule mwaka 1980 ilipita sheria inaitwa Staggers ikazilegezea masharti makampuni makubwa ya reli, na miaka iliyofuata matawi mengi yasiyo na faida kwao yakauzwa kwa vikampuni vidogo, vingine vina injini mbili tatu na wateja watano tu, na vinaishi. Basi watu wa reli za mezani wakagundua kwamba ukibuni kikampuni kama hicho, hakipo kwenye ramani yoyote, hakuna atakayekuambia umekosea rangi, na kwa kuwa kweli vilikuwa vidogo hivo, vinatosha ukutani bila kudanganya sana. Reli fupi ya kubuni. Nikasema hiyo ndiyo yangu.

Lakini hapa ndipo nilipopotea mara ya pili. Nilidhani kubuni maana yake ni uhuru, nikaanza kubuni kila kitu, mji wa kubuni, mlima wa kubuni, mgodi wa dhahabu wa kubuni, mpaka na ziwa jipya nikaongeza. Nikampelekea mzee. Akasikiliza vizuri tu, alafu akauliza huo mgodi watu wake wanakula nini na chakula kinaletwa na nani. Nikaona hapana, huyu mzee ataniua.

Ndipo nikakumbuka Namasagali.

Kama hujui, ilikuwepo reli fupi kweli hapa Uganda, na ilianza kazi kabla treni ya kutoka pwani haijafika kwetu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901 ikakomea kwenye maji. Mwaka 1912 ikafunguliwa Reli ya Busoga, kutoka Jinja mpaka Namasagali, imekaa peke yake kama kisiwa, haijaungana na reli nyingine yoyote. Na ilikuwa na sababu: kutoka Jinja kwenda chini Mto Nile una maporomoko, meli haipiti, mpaka ufike Namasagali ndiyo maji yanatulia kuelekea ziwa Kyoga. Kwahiyo mzigo unavuka ziwa Nyanza, yaani Victoria, kwa meli hadi Jinja, unapanda treni, unashuka Namasagali, unapanda meli nyingine ya Kyoga hadi Masindi Port, kutoka hapo barabara mpaka Butiaba, meli tena ziwa Albert. Na pamba inarudi njia hiyo hiyo. Ukiitazama hivo, treni ile ilikuwa daraja kati ya meli na meli, na swali la mzee limejibiwa kabla hata hujauliza.

Baadaye, 1928, njia ya kutoka Kenya kupitia Tororo ikafika Mbulamuti ikaungana na hiyo ya Busoga, 1931 daraja la Nile pale Jinja likafunguliwa na treni ikaingia Kampala. Baadaye tena njia kuu ikanyooshwa ikaenda Jinja moja kwa moja, Mbulamuti ikabaki pembeni. Na kati ya 1961 na 1964 mvua ilinyesha ile wazee wanaikumbuka mpaka leo, ziwa Nyanza likapanda zaidi ya mita mbili, maji yote hayo yanashuka na Nile, bandari ya Namasagali ikaingiwa na maji na mambo yakaishia hapo. Majengo yakageuka shule, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema.

Sasa uongo wangu ni huu, na nimeapa kwamba ni mmoja tu: baada ya mafuriko gati likainuliwa. Basi. Kikaja kikampuni kidogo, Reli Ndogo ya Kyoga, kikachukua kipande cha Mbulamuti hadi Namasagali, na mwaka wetu ni 1967. Kila kitu kingine lazima kifuate ukweli. Mvua ni ile ile, pamba ni ile ile, mabehewa yanatoka East African Railways ambayo ilikuwa bado hai (ilivunjika 1977), na kama kitu hakikuwepo Busoga mwaka huo basi hata kwenye ubao wangu hakipo. Hii ya uongo mmoja ndiyo kitu ninachomwambia kila anayetaka kuanza. Ukiweka uongo mmoja, akili yako inafanya kazi ya kuufuata unaelekea wapi, na raha yote iko hapo. Ukiweka kumi hakuna kinachofuata kingine.

Garratt ikafa siku hiyo hiyo. Niliipenda sana, nani hakuipenda, zile darasa la 59 zilikuwa 34, zilijengwa na Beyer Peacock kule Manchester, zikapewa majina ya milima, urefu mita 31 na zaidi. Lakini ekseli moja inabeba kama tani 21, na reli za matawi huku zilikuwa nyepesi, pauni 50 kwa yadi, ukipitisha mnyama yule unazipinda kama waya. Kazi zake zilikuwa Mombasa na Nairobi. Alafu hata ukiipunguza mara 87 bado ni sentimita 36, kwenye ubao wangu ingekuwa imeshafika mwisho kabla haijaondoka. Nilimwambia mzee nimeitoa, akasema "Umeanza kupata akili," na hiyo kwake ni sifa kubwa.

Nilienda Namasagali. Taxi mpaka Kamuli, alafu boda, na vumbi lile la murram nilikuja kulifua mara tatu halijatoka. Mlinzi akaniuliza napiga picha za nini, nikamwambia natengeneza bandari ndogo nyumbani, akaniangalia kama mtu anayehitaji kupelekwa kwa daktari lakini akaniruhusu. Nilipima kwa hatua. Urefu wa jengo moja, upana, kutoka ukuta mpaka maji. Wengi wanadharau kupima kwa hatua lakini hatua yangu naijua ni sentimita 74, nimeipima dukani kwenye vigae, inatosha. Kitu kilichonishika siyo majengo, ni ukimya na mafunjo. Ukisimama pale huwezi kuamini kwamba hapa palikuwa na makelele ya winchi na wapagazi. Nikajua rangi ya ubao wangu itakuwa kijani cha mafunjo na wekundu wa udongo na mabati yaliyochoka, basi, hakuna kingine.

Kurudi nyumbani nikafanya kile ambacho ningefanya siku ya kwanza kabisa, yaani nikaandika mizigo kabla ya kuchora. Kwenda Namasagali: chumvi, mafuta ya taa kwenye madumu, mabati, majembe, simiti ya Tororo, mashine za kinu, na mafuta ya meli. Kutoka Namasagali: marobota ya pamba yaliyoletwa na meli kutoka upande wa Lango na Teso, mbegu za pamba kwenda kukamuliwa, samaki wakavu kwenye magunia, na abiria na kuku zao. Njiani kuna kinu kimoja cha pamba chenye saidingi yake, yaani njia ya pembeni ya kuweka mabehewa. Kutoka kwenye orodha hiyo saidingi zilijichora zenyewe, sikuongeza hata moja kwa ajili ya urembo: moja ya gati, moja ya ghala, moja ya kinu, na lupu ya kuzungushia injini, yaani njia mbili sambamba zinazoungana pande zote mbili. Pointi tano, pointi ni pale njia moja inagawanyika kuwa mbili. Kalenda yangu ilikuwa na pointi kumi na saba, banange, na sijui zilikuwa za kazi gani.

Kipimo kilinisumbua kidogo. Reli zetu za zamani ni mita moja kati ya reli na reli, milimita 1000, na watengenezaji wengi wa treni ndogo wanafuata reli pana za Ulaya na Marekani. Hesabu ni nyepesi: ukichukua reli ya 9 mm unapata mita moja kwa kipimo cha kama 1:111, ukichukua ya 16.5 mm ambayo ndiyo imejaa kila mahali unapata kama 1:60, na ukichukua ya 12 mm unapata kama 1:83, karibu na 1:87, ambayo ndiyo HO, kipimo ambacho watu wadogo na miti na magari vinapatikana kirahisi. Waswisi wana reli nyingi za mita moja milimani kwao, kwahiyo reli ya 12 mm inauzwa tayari. Nikachukua hiyo. Injini ndiyo ilikuwa kichekesho, za Waswisi bei yake mtu anauza pikipiki, ila kuna kipimo kingine kinaitwa TT, 1:120, na magurudumu yake yanakaa kwenye hiyo hiyo 12 mm. Nikanunua injini ndogo ya dizeli ya TT iliyotumika, nikaivua kabati yake, yaani bodi ya juu, nikaivalisha nyingine niliyokata kwa plastiki ya ndoo ya rangi. Ndoo ya rangi ya lita nne ni plastiki nzuri sana, inakatika kwa wembe, haivunjiki ovyo, ila gundi yake lazima uitafute, super glue ya kawaida inabanduka. Mimi baada ya kuharibu kabati mbili nikaamua kuishona na pini na kuilehemu kwa kuyeyusha.

Alafu nafasi. Hapa sikiliza vizuri. Kilomita moja ya kweli kwa 1:87 ni karibu mita 11 na nusu. Ukuta wangu nyuma ya makochi ni mita 3.4. Yaani nyumba yangu nzima ya kupanga haiwezi kubeba hata nusu kilomita ya reli, na mimi nilikuwa nimechora stesheni tatu na mlima! Ukutani kwangu zinaingia mita 300 za kweli. Mita 300 ni uwanja wa stesheni moja ndogo. Siku niliyopiga hiyo hesabu nilikasirika, siku ya pili nikaona kwamba imenisaidia, maana sasa najua najenga Namasagali peke yake na kipande cha kinu, na Mbulamuti na dunia nzima iliyobaki iko kwenye ubao mdogo wa sentimita 80 unaochomoka, umejificha nyuma ya pazia la dirisha. Treni ikitoka nyuma ya pazia imetoka Mbulamuti. Mabehewa yake nayapanga kwa mkono huko nyuma. Mama watoto anaita hilo pazia Kenya, kwasababu kila kitu kinatoka huko.

Mbao nilinunua Ndeeba. Fupi tu: usinunue mbao mbichi kwasababu ni rahisi. Mimi nilinunua, baada ya mwezi ubao ukajikunja kama chapati na reli ikaachana kwenye viungo vitatu. Nikarudia yote kwa plaiwudi na nikapigilia mbavu chini. Hela imepotea, tusonge.

Na mteremko, nilitaka treni ishuke kutoka kinu mpaka gati, sentimita 7 ndani ya mita 1.4, hiyo ni asilimia 5, injini inashuka vizuri kama mbuzi lakini kupanda na mabehewa manne inakaa inazungusha magurudumu hapo hapo. Nimesawazisha yote. Ukingo wa mto nikaushusha badala ya kuinua reli, na macho yanadanganyika vile vile.

Sasa kosa kubwa, hili ndilo nataka mlishike. Ramani ya pili nilichora vizuri, kwa kipimo, kwenye karatasi za manila nilizounganisha kwa selotepu, ukubwa sawa na ubao wenyewe. Lupu ipo, saidingi zipo. Nikamwita mzee. Akaja na boksi la kiberiti na vijiti. Akasema kiberiti ni injini, vijiti ni mabehewa, haya leta treni. Nikasukuma: injini mbele, mabehewa manne nyuma, tunaingia Namasagali. "Haya, injini iko mbele imekaribia maji. Mabehewa yako nyuma yake. Unataka kurudi Mbulamuti. Inatokaje?" Nikasema inaachia mabehewa, inasonga mbele, inapita pointi, inarudi nyuma kwa njia ya pili ya lupu, inakuja upande ule mwingine. "Haya ipitishe pointi." Nikasukuma kiberiti mbele, na kiberiti kikaingia mtoni.

Nilikuwa nimeacha sentimita 12 baada ya pointi ya mwisho. Injini yangu ina sentimita 15. Yaani ningejenga yote hayo, nimwage na kokoto, nigundishe, alafu injini yangu ifungiwe pale kwenye gati milele kwasababu ya sentimita tatu. Kwenye karatasi huioni, macho yanaona mstari na yanasema kuna njia. Mzee alicheka lakini akasema ameona watu wenye digrii wakifanya hivo kwenye ukubwa wa kweli, sijui kama ni hadithi tu.

Hakuishia hapo. Akasogeza vijiti kwenda kinu cha pamba. Saidingi ya kinu nilikuwa nimeielekeza upande ambao treni ya kwenda Namasagali inaikuta pointi usoni, kwahiyo injini ikiwa mbele haiwezi kusukuma behewa ndani, ingejifungia yenyewe mwisho wa saidingi. Nikataka kuigeuza. Akanizuia. "Usigeuze, iache. Hilo behewa la kinu mtapita nalo mpaka Namasagali, mtazungusha injini, mtaliweka wakati wa kurudi. Sisi tulifanya kazi hivo kila siku. Ukirahisisha kila kitu utacheza dakika tano uende kulala." Mimi kama fundi nimefundishwa kuondoa matatizo, na huyu ananiambia tatizo hili liweke, ndilo kazi yenyewe. Lakini la injini kuingia mtoni nilirekebisha haraka, nikaisogeza lupu yote nyuma sentimita 14, na ghala likapoteza mlango mmoja.

Sasa hivi kila mtu akiniambia ana ramani namwambia chukua vijiti. Usijenge kitu ambacho hujakichezea na vijiti vya kiberiti saa nzima.

Kwa wale wenye nafasi ndogo kuliko yangu, kuna Mwingereza mmoja Alan Wright alibuni kitu kinaitwa Inglenook, ni saidingi tatu tu na pointi mbili, moja inashika mabehewa matano, mbili zinashika matatu matatu, na kichwa cha njia, yaani kipande cha kabla ya pointi, kinachotosha injini na mabehewa matatu. Unachukua mabehewa manane, unaokota matano bila kuangalia, na hayo matano lazima uyapange kwa mpangilio ule ule uliotoka. Inaonekana mchezo wa watoto, lakini mipangilio inayowezekana ni 6,720. Mimi saidingi zangu za gati nimezipa urefu huo huo makusudi, ili siku nimechoka na Reli Ndogo ya Kyoga nicheze hivo tu. Ukiwa na ubao wa mita moja na nusu na treni ndogo unaweza kuwa nayo chumba kimoja, kitandani hata.

Kadi ndiyo zilileta uhai. Kila behewa lina kadi yake, kipande cha boksi la maziwa, imeandikwa namba ya behewa na aina, na imebandikwa mfuko mdogo wa karatasi. Ndani ya mfuko inaingia karatasi ya mzigo: kutoka wapi, kwenda wapi, nini. Ikishafika unageuza karatasi upande wa pili kuna safari inayofuata. Chumvi ikishashushwa ghalani lile behewa linakuwa tupu, linaitwa kwenye gati kupakia pamba, linarudi pazia. Hivo hakuna kubahatisha, unaamka Jumapili unaangalia kadi unajua leo kazi ni mabehewa sita na moja la kinu liko katikati ya treni, pole sana. Mzee akaongeza kadi moja yake mwenyewe, nyekundu, imeandikwa MELI IMECHELEWA. Ukiifunua hiyo, mabehewa ya gati yanakaa hapo hapo, hakuna kugusa, na unatafuta pa kuweka mengine. Ananiambia hiyo ndiyo kadi ya ukweli kuliko zote. Mimi nimeongeza MAGUGU YAMEZIBA GATI lakini akaikataa, magugu maji hayakuwepo huku 1967, akanikumbusha kiapo changu cha uongo mmoja. Nikaitoa.

Vumbi ni adui wa kila siku. Reli za mezani zinapitisha umeme kwenye reli zenyewe, volti 12, na vumbi la Kampala likikaa juu injini inasinzia. Nafuta na kitambaa chenye spiriti kila kabla ya kazi. Rafiki mmoja aliniambia tumia msasa, nikatumia, usitumie, mikwaruzo inashika uchafu zaidi.

Ubao umefika karibu robo tatu. Kinu bado ni boksi la viatu, meli ni kipande cha mbao chenye bomba la kalamu, mafunjo ni nyuzi za ufagio nilizozipaka rangi mpaka vidole vikawa kijani. Lakini treni inafanya kazi. Jumapili iliyopita mzee alikuja na kofia yake, hakai tena kama mgeni, anakaa kwenye kiti cha upande wa pazia na filimbi mdomoni ambayo mama watoto amemwomba asiipige baada ya saa mbili usiku. Tulileta mabehewa matano. Lile la kinu tulipita nalo kama kawaida, tukazungusha injini, tukaweka chumvi ghalani, tukavuta mabehewa mawili ya pamba kutoka gatini, na nilikuwa narudi nyuma pole pole kuelekea behewa la samaki ili niliunge, limebakia kama nchi moja hivi, Yaka ikaisha, yaani umeme wa kulipia kabla. Giza. Watoto wakapiga kelele, injini ikasimama pale ilipo katikati ya pointi.

Nikataka kutafuta simu nilipe. Mzee akawasha tochi ya simu yake, siyo kunimulikia mimi, akamulika daftari. "Usiguse kitu," akasema. "Andika. Saa moja na dakika arobaini, treni imesimama Namasagali, njia kuu imezibwa. Behewa la samaki halijaungwa." Nikaandika. Akaichukua kalamu akaongeza saini yake chini, na cheo, gadi.